Shamba la Babu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, baba aliuza kipande cha shamba hapa Kaaga ili nilipiwe karo. Mwaka uliofuata nikaacha masomo. Hilo ni deni langu la kwanza. La pili sikulijua hadi mwaka jana, nilipokuwa jikoni kwa nyanya mzaa mama, akaniuliza kama najua babu mzaa baba alilipataje shamba lile.

"Alikuwa homgadi," akasema, akipuliza moto. "Sisi tulichimba handaki. Yeye alisimama juu na mkuki."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Shuleni tulifundishwa kwamba wazee wetu walipigania uhuru. Sawa, lakini wazee wetu wapi? Nilikuwa nikilitamka neno "wetu" bila kufikiria, kama vile Meru nzima iliingia msituni siku moja na kutoka siku moja na bendera.

Tena vita havikuanza na panga. Vilianza na barua na maombi. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mwaka 1929 Kenyatta alipeleka malalamiko ya ardhi hadi London. Mwaka 1940 chama kilichomtuma kikapigwa marufuku. Muda huo wote mwanamume alitembea na kipande shingoni na kulipa kodi ya kibanda. Kahawa ilikuwa mali ya mzungu, hadi miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliporuhusiwa kupanda kidogo kidogo, kwa majaribio. Vijana wakapelekwa kupigania Uingereza huko Burma, wakarudi na kukuta kipande kinawangoja. Mtu akibisha mlangoni kwako miaka thelathini na humfungulii, siku akiuvunja usijifanye umeshangaa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Huku kwetu Musa Mwariama na Baimungi wakaongoza wapiganaji msituni. Kiapo kikasambaa: wengine walikila kwa moyo, wengine walitolewa kitandani usiku. Serikali nayo ikawahamisha zaidi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru milioni moja na kuwaweka kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua na mahandaki. Katikati hapakuwa na mahali pa kusimama.

Kwa hivyo nilitaka kumsamehe babu haraka. Alikuwa na miaka kama ishirini. Aliogopa. Halafu Kaaga ni mahali pa misheni, Wamethodisti wako hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mkristo aliyekataa kiapo hakuwa lazima kibaraka. Mimi ni nani wa kumhukumu? Mimi niliacha chuo kwa sababu ndogo kuliko bunduki.

Lakini kaka yake nyanya naye alikuwa na miaka ishirini. Naye aliogopa. Aliingia msituni na hakurudi. Basi woga unaeleza kwa nini babu alishika mkuki, ila haumtoi lawamani. Kama ungemtoa, ushujaa wa yule mwingine ungekuwa bahati tu.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima, na nimefika hapa: alichofanya mtu akiwa ameshikiwa bunduki, nitakihukumu taratibu. Alichofanya bunduki ilipoondoka ndicho kinachoniuma. Hali ya hatari iliisha 1960. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa, aliyekuwa karibu na chifu alikuwa karibu na karatasi. Aliyekuwa kizuizini alirudi akakuta mpaka umesogea. Babu aliishi miaka arobaini zaidi bila mtu wa kumtisha, akichuma kahawa, na hakusema neno.

Nchi nayo ilifanya vivyo hivyo. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mwariama akatoka msituni na kukutana na Kenyatta. Baimungi aliuawa Januari 1965, na waliomuua ni askari wa serikali yetu wenyewe. Mau Mau walibaki chama haramu kisheria hadi 2003. Uingereza ilitangaza majuto yake Juni 2013 na kukubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa. Mkoloni alau alisema kitu. Sisi kwa sisi tumenyamaza.

Rafiki yangu wa boda pale Makutano aliponisikiliza alicheka. "Buda, kwa hesabu hiyo nusu ya Meru irudishe mashamba." Ana hoja. Fundo hili halifunguki. Mwana wa homgadi alimwoa binti wa mchimba handaki, na mimi ndiye niliyezaliwa. Nilimuuliza nyanya kwa nini alikubali posa ile. Akasema, "Mama yako alimpenda. Ningemwambia nini?"

Lakini kutoweza kulipa deni lote si sababu ya kusema halipo. Jasho lake handakini, shamba la babu, karo yangu: ni mstari mmoja, na mimi niko mwisho wake, mikono mitupu. Kitu cha chini kabisa ninachoweza kufanya ni kuacha kusema "wazee wetu walipigania uhuru" kama mtu aliyerithi upande mmoja tu.

Nilimwambia baba yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilijua. Mzee amelala, mwache alale."

Nikamwambia yule mzee amelala, ila nyanya yuko macho, ana zaidi ya miaka themanini, na nyumba yake iko dakika ishirini kwa miguu. Nikamwomba twende wote, akae jikoni, asikie kutoka kwake. Si lazima aseme chochote.

Bado hajanijibu. Jumapili nitamuuliza tena.