Firimbi kwa Walio Hai

Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea Pierre Ndaye Mulamba. Habari zilikuwa zimeenea kwamba amefia kwenye mgodi wa almasi huko Angola. Ndaye alikuwa hai. Alikuwa Afrika Kusini, mkimbizi asiye na kitu, na taifa alilolipatia kombe halikujua aliko.

Kwa vijana wanaowajua Bakambu na Mayele tu, naomba niseme huyu alikuwa nani. Alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Mwaka 1973 alikuwa na Vita Club ilipochukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika: walifungwa 4-2 na Asante Kotoko kule Kumasi, wakarudi Kinshasa wakawafunga 3-0. Machi 1974, nchini Misri, akaifungia Zaire, kama nchi yetu ya Kongo ilivyoitwa wakati ule, mabao tisa katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe, tukashinda 2-0. Mabao yetu yote manne ya mechi zile mbili ni yake. Zaidi ya miaka hamsini imepita na hakuna aliyefikia hayo tisa. Eto'o hakuyafikia, wala Drogba.

Miezi mitatu baadaye Zaire ilikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi. Huko Gelsenkirchen tukafungwa 9-0 na Yugoslavia, na Ndaye akatolewa nje dakika ya 22 kwa teke lililopigwa na mwenzake Mwepu Ilunga. Mwamuzi aliwachanganya. Hadi leo, ukizungumza na wageni kuhusu soka yetu ya zamani, watakutajia mabao tisa tuliyofungwa. Tisa aliyofunga Ndaye hawayajui. Hilo linaniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni yaliyomkuta baada ya kutundika daluga.

Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, wenye silaha wakamvamia na kumpiga risasi mguuni. Waliamini mtu maarufu namna ile hawezi kukosa fedha. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini, Johannesburg kwanza, kisha Cape Town, ambako alilinda magari ya watu kwenye maegesho ili apate cha kula. Na ni huko Cape Town, kwenye mitaa ya maskini, ndiko alikoshika kazi ya kufundisha timu ndogo za ridhaa.

Jambo hili silimalizi kichwani. Mfungaji wa mabao tisa, mtu aliyejua asimame wapi beki asimwone, akimbie lini na atulie lini, maarifa yake yaliwaangukia watoto wa Cape Town. Siwaonei wivu watoto wale. Namshukuru Mungu kwamba waliyapata. Lakini Kananga pia kulikuwa na watoto. Kinshasa walikuwapo. Hapa Kisangani walikuwapo pia, wakicheza pekupeku. Ndaye alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019. Maarifa yake hayakuwa yameandikwa katika daftari lolote, yalikuwa miguuni na machoni, na njia pekee ya kuyahamisha ilikuwa kumweka mbele ya vijana, apulize firimbi, aseme, "Hapana, rudia."

Kuna nchi ambayo jambo hili wanalielewa vizuri, nayo ni Ireland. Wana mchezo wao wa jadi, hurling, unaochezwa kwa fimbo bapa na mpira mdogo mgumu. Wachezaji wake hawalipwi mshahara, hata wale wanaoujaza uwanja wa Croke Park kule Dublin, wenye nafasi zaidi ya 82,000. Mtu hukulia kwenye klabu ya parokia yake, akiwa hodari huitwa kuchezea kaunti, na miguu ikichoka ni kawaida kumkuta tena kwenye klabu ileile akiwafundisha wadogo. Brian Cody alitwaa ubingwa wa nchi akiichezea Kilkenny, akawa mwalimu wa shule ya msingi, kisha akaifundisha Kilkenny tangu 1998 hadi 2022. Chini yake walitwaa ubingwa mara 11. Miaka yote hiyo kaunti yake ilijua anapoishi.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe aliyeshangilia mabao kwa kuruka kwa makalio na kila mtoto wa Kongo akamwiga, alidaka fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2015 akiwa na miaka 39. Alipoacha, Mazembe hawakumwacha aende. Walimkabidhi makipa wao awafundishe. Naipongeza Mazembe kwa hilo kama ninavyoipongeza kwa makombe.

Hapa kwetu Kisangani hali ni ngumu zaidi. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huu. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, akajifunza mpira katika mji uliojaa mashimo ya makombora, sasa amevuka miaka 40. Kizazi hicho ndicho kinachotundika daluga, na si lazima mtu awe ameichezea timu ya taifa, Léopards, ndipo awe na cha kufundisha. Wapo wanaokanyaga toleka, baiskeli za kubeba abiria, kutwa nzima, wapo wanaouza mafuta ya mawese. Na wapo wanaoamka alfajiri kule Mangobo, Kabondo, Lubunga ng'ambo ya mto, wakakusanya watoto thelathini kwenye vumbi na mpira mmoja walioununua kwa faranga zao wenyewe. Watoto huwaita "Papa Kocha". Hakuna anayewauliza kama wamekula.

Shirikisho la Soka la Afrika lina leseni za ukocha, na ngazi ya kwanza, leseni D, inamfaa kabisa mtu wa namna hii. Kinachomshinda ni karo na nauli. Vilabu vya Malekesa, Makiso na Nika vinajua nani aliwahi kuvaa jezi zao. Viongozi wa vilabu hivi waketi na wazee wa kila kartie, waandike majina, kisha kila klabu ilipie watu wawili mafunzo kabla ya msimu ujao na kuwapa posho ya mwezi, hata ikiwa ndogo. Wenye maduka pale kwenye komuni ya Makiso, ninyi mnaochangia jezi kila mwaka, mwaka huu changieni makocha.