Mgeni Sherehani: Je, Ni Haki Kuifanya Furaha ya Mwenyeji Kuwa Darasa?

Ndugu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, mara nyingi tukutanapo katika kurasa kama hizi huwa twazungumzia ngeli, tahajia na mitaala. Safari hii twapenda kuligusa jambo ambalo halimo katika mtaala wowote, nalo ni Jumamosi na Jumapili za mwanafunzi aliyepelekwa ugenini kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mwanafunzi huyo yu mikononi mwa walimu wake. Saa zake zimepangwa na wajibu wake waeleweka. Lakini mwisho wa juma ufikapo, huchukuliwa matembezini, hualikwa arusini, huketishwa barazani. Hapo hapana ratiba wala mtihani. Je, mahali hapo yeye ni nani? Ni mgeni, ni mtalii, au angali mwanafunzi? Na je, ni haki kwake kuifanya furaha ya watu kuwa darasa lake?

Tuuchukue mfano ulio karibu nasi, yaani wa vijana wetu wa Uganda waendao Unguja. Hawaendi huko kwa bahati tu. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachokifundisha. Mwaka huohuo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, na sahani hizo zikakipeleka Kiswahili cha Unguja mbali na kwao. Twaweza kusema kwamba lugha hii ina milango miwili: mlango wa sarufi na kamusi, na mlango wa sherehe na mazungumzo. Mlango wa kwanza hufunguliwa na vyuo, kama vile Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wa pili hufunguliwa na majirani.

Wapo walimu wasemao kwamba mlango huo wa pili ndio ulio bora, nasi hatuwapingi. Darasani mwanafunzi hujifunza kwamba “karibu” ni neno la kumpokea mgeni. Apitapo kichochoroni Jumamosi mchana, akamkuta mzee yu barazani na sahani yake ya chakula, akaambiwa “karibu”, ndipo ajuapo kwamba neno hilo huenda lisiwe mwito wa kuketi na kula, na kwamba jibu la adabu ni “starehe”. Somo kama hilo halipatikani kitabuni. Ukienda Forodhani jioni utasikia jinsi muuza urojo anavyotaniana na wateja wake. Ukienda Makunduchi mwezi wa Julai, wakati wa mwaka kogwa, utasikia wanawake wakiimba na wanaume wakitambiana kabla ya kupigana kwa migomba. Basi faida ya kutoka nje haina ubishi. Tunachokiuliza ni iwapo faida hiyo huchumwa kwa haki.

Tumtazame mwanafunzi aliyealikwa arusini. Amekuja na daftari, na simu yake imewashwa ili irekodi. Bibi mmoja akitoa methali, yeye huandika. Vigelegele vikipigwa, yeye husogea ili sauti iingie vizuri. Akiulizwa, hujibu kwamba amepewa kazi na mwalimu wake arudi na methali ishirini na maelezo ya mila tatu. Hakumtukana mtu wala hakuiba kitu. Hata hivyo, waliomwalika walimkaribisha kama mtu, naye amewafanya kuwa maktaba. Wao wameshereheka mbele yake kwa uaminifu, na yeye amewatazama kutoka mbali ingawa ameketi nao mkeka mmoja. Twaona kwamba hapo pana dhuluma, hata kama ni ndogo na haikukusudiwa, kwa kuwa mwenyeji ametoa na mgeni amechukua, bila ya huyu wa pili kujua kwamba anadaiwa.

Wengine, kwa kuliogopa kosa hilo, huangukia jingine. Hujifungia bwenini na wenzao waliotoka nao nchi moja, wakapika chakula cha kwao na kuzungumza lugha ya kwao mpaka Jumatatu. Au huenda hoteli za pwani ya kaskazini, ambako ngoma hupigwa usiku kucha na hakuna amjuaye mwenziwe. Hoja yao ni kwamba mwisho wa juma ni mali ya mtu binafsi, na kwamba asiyeingia nyumba ya mtu hamkosei mtu. Hoja hii ina nguvu kwa mtalii. Haina nguvu kwa mwanafunzi anayelala katika nyumba ya familia. Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kila apitapo huonekana. Arudipo saa nane za usiku, mama mwenye nyumba ndiye aliyekaa macho kumfungulia mlango, na kesho yake ndiye atakayeulizwa na majirani. Kijana hudhani ametumia uhuru wake, kumbe ametumia pia heshima ya mtu mwingine.

Ikiwa kujitenga hakutoshi, kujitosa tu nako hakutoshi. Tuchukue taarabu kuwa ushahidi. Katika sherehe ya taarabu, mtu huinuka na fedha mkononi, akaenda kwa mwendo wa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza. Mgeni huona jambo hili kuwa zuri na jepesi kuigwa. Lakini wenyeji wanajua kwamba maneno ya wimbo yamejaa mafumbo, na kwamba pahali mtu anapochagua kuinukia ni usemi kamili. Atunzaye penye maneno ya kumsuta hasidi huenda anamwambia mtu aliyeketi safu ya tatu jambo ambalo kinywa chake hakiwezi kulitamka. Tuseme mwanafunzi wetu, kwa nia njema ya kuonyesha furaha, ameinuka penye maneno hayo. Jioni hiyo atacheka na kupigiwa makofi. Baada ya hapo familia iliyomleta itakuwa na kazi ya kumweleza jirani kwamba mgeni hakujua, na si kila jirani atakayekubali. Mgeni atapanda ndege. Wao watabaki mtaani.

Kwa hiyo, ni kipi kitofautishacho mgeni wa haki na mgeni wa dhuluma? Twaamini kwamba jibu limo katika methali tunayowafundisha watoto wa shule: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini inayo maana nyingine iliyo kubwa zaidi. Kupewa jembe ni kuhesabiwa. Mtu asiyepewa kazi angali mtu wa nje, hata akipewa kiti cha mbele na mnofu mkubwa. Siku aambiwayo “njoo utusaidie kuchagua mchele”, ndiyo siku aliyoingia nyumbani.

Basi mwanafunzi anayetaka kwenda arusini na aende, lakini aende mapema, wakati vitunguu vinamenywa na masufuria yanabebwa. Na aulize mchango ni kiasi gani, kisha atoe kadiri ya uwezo wake. Mwanafunzi hatarajiwi kutoa kama tajiri. Daftari aliache chumbani, na asirekodi sauti ya mtu bila ya idhini yake. Fauka ya hayo, mtu aliyekula pilau ya arusi katika sinia moja na watu hana budi kuwaendea siku ya msiba, akae chini ya turubai pamoja nao na kutoa ubani wake, japo siku hiyo hakuna wimbo wala methali ya kubeba. Huenda hiki ndicho kipimo kilicho rahisi kuliko vyote. Mkusanya maneno hufuata furaha peke yake. Mgeni wa kweli hufuata watu, na watu wana siku za aina zote mbili.

Huenda tukaulizwa: Je, huko si kumtwika kijana mzigo mzito kwa miezi mitatu tu ya kukaa ugenini? Na je, ni lazima akubali kila jambo, hata lile ambalo dini yake au malezi yake hayaliruhusu? Twajibu kwamba mzigo si mzito kama uonekanavyo. Mwenyeji muungwana hadai mgeni afanane naye. Mkristo aliyealikwa maulidini aweza kuketi kwa heshima bila ya kuitikia asichokiamini, na Mwislamu aliyealikwa penye pombe aweza kuikataa bila ya kumhukumu anywaye. Kukataa kilichomo kikombeni si kumkataa aliyekileta, mradi shukrani itangulie na uso usikunjwe. Kinachovunja ujamaa ni kutokwenda kabisa, au kwenda na kukaa kama hakimu.

Asiyeshawishika na atazame kwetu. Katika kwanjula za Buganda, wanaume huvaa kanzu, vazi ambalo lenyewe lilitufikia kutoka pwani kwa njia ya wafanyabiashara wa karne ya 19. Tungejisikiaje kama mgeni kutoka pwani angekuja katika kwanjula ya binti yetu, akauliza bei ya kila zawadi, akaandika maneno ya msemaji wa kila upande, kisha akaondoka kabla ya vyombo kuoshwa? Bila shaka tungemtendea kwa upole, kwa sababu ni mgeni. Lakini tungesema jambo alipokwisha kuondoka. Haifai kuwafanyia watu wa Unguja jambo ambalo sisi tungelisema nyuma ya mtu.

Mwisho twawageukia walimu wenzetu, maana sehemu ya jambo hili imo mikononi mwetu. Mwanafunzi atumwaye kuleta methali ishirini ataleta methali ishirini, hata kama atazing’oa kwa watu kama mtu ang’oaye mihogo shambani kwa jirani. Tumtume kazi nyingine. Tumwambie arudi na habari ya kazi moja aliyoifanya katika nyumba ya watu, na jina la kila chombo alichokitumia, na jinsi alivyosahihishwa alipokosea. Maneno yatakuja yenyewe, tena yatakuja pamoja na adabu yake. Na baada ya mwaka mmoja tumwulize kama angali anawapelekea salamu wale waliompokea, na kama wao, wakija Kampala au Jinja, wanayo nyumba ya kufikia. Akijibu ndiyo, hapo ndipo tuwezapo kusema kwamba wanafunzi wamebadilishwa kweli, kwa kuwa kila upande umetoa na kila upande umepokea.