Uadilifu Mlangoni pa Heathrow

Mgeni ashukaye Heathrow, uwanja wa ndege wa London, akiwa raia wa Marekani, Japani, Singapore au mojawapo ya mataifa machache yaliyoruhusiwa kutumia milango ya mashine mwaka 2019, huweka pasipoti yake juu ya kioo cha mlango wa mashine, kamera ikamlinganisha uso na picha, naye akapita pasi na kuulizwa neno. Ilhali Mtanzania aliyeketi naye safu moja ndegeni, ajapokuwa na viza halali aliyoilipia, hana budi kumngojea afisa. Je, huo ni uadilifu? Dola ina haki ya kumjua aingiaye, sikatai. Lakini imani wapewayo watu kwa mataifa yao haimpimi mja kwa amali zake, bali kwa pasipoti aliyojaaliwa. Afadhali yule afisa, ambaye walau huuliza.