Baruti Haina Mwanafunzi

Mjukuu wangu, nimesikia wewe na wenzako mnataka kutengeneza fataki zenu wenyewe, mzirushe Msimbati usiku wa Idi. Naambiwa mmeshatazama kwenye simu na mmeona ni kazi ya jioni moja.

Fataki sizichukii. Zikipasuka juu ya ghuba hata mzee husahau mgongo unaomuuma. Ninachokiogopa ni haraka yako. Nisikilize, mwanangu.

Ukikosea kusuka dema, samaki watatoka nawe utalisuka upya. Ukikosea kupima upepo, utalowa, utapiga kasia, utarudi nyumbani. Baruti haina mwanafunzi. Kosa la kwanza na kosa la mwisho kwake ni siku moja.

Wewe ni mtoto wa pwani hii, habari ya mabomu ya samaki huhitaji kuhadithiwa. Kwetu Tanzania yalianza kusikika miaka ya 1960. Walioyatengeneza hawakuwa wapumbavu, wengine walikuwa mabaharia hodari. Ila walifunzwa gizani, rafiki kwa rafiki, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa haramu na hapakuwa na wa kumuuliza. Ukikutana na mvuvi asiye na kiganja, usimuulize sana. Utambi ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani.

Na alipata nini? Mshindo huwapasua samaki kibofu cha hewa, wengi wakazama, naye akaokota wale walioelea. Matumbawe yakawa kifusi, na kifusi kinachobingirishwa na mawimbi hakiachi tumbawe changa lishike. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tukaambiwa tulinde kilichobaki. Kilichobaki, mjukuu wangu!

Utasema fataki si bomu. Moto hauulizi jina la ulichokishika.

Kumbuka Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009. Kumbuka Gongo la Mboto, Februari 2011. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, yenye askari waliofunzwa na taratibu zilizoandikwa. Yalilipuka hata hivyo, watu wakafa, nyumba zikabomoka. Wewe una ghala gani? Una taratibu gani, zaidi ya video ya mtu usiyemjua?

Sasa vuka Ruvuma kwa mawazo. Vita vya ndani vya Msumbiji vilikwisha 1992, mabomu yakabaki ardhini. Waliofunzwa kuyaondoa walipekua udongo kwa subira, kipande baada ya kipande, mpaka Septemba 2015 nchi ikatangazwa kuwa safi. Zaidi ya miaka 20! Hivyo ndivyo wanavyokwenda watu wanaoijua baruti. Wasioijua ndio wanaokimbia.

Hata kule Malta, nchi ya visiwa ambako familia hutengeneza fataki za sikukuu kwa leseni, kiwanda kimoja kililipuka Septemba 2010 kikaua watu 6 kwa mpigo. Wale kazi hiyo waliijua.

Kama unaipenda kweli, basi ipende polepole. Nenda kwa mwalimu wako wa kemia. Muulize kwa nini msuguano mdogo unatosha kuwasha, kwa nini cheche ya nguo ya nailoni huua, kwa nini kilichokaa salama jana huwaka leo. Asipokujibu, soma. Ukimaliza kusoma, usichanganye kitu bado; tafuta wenye kibali, ukasimame mbali utazame wanavyofanya. Ukiona wanakuchosha kwa tahadhari zao, hapo umefika kwa wenyewe. Polisi nao hutukumbusha kila mwisho wa mwaka kwamba fataki zina kibali chake. Msiwacheke.

Ngoja, baba. Nakuomba, ngoja. Mkono hauoti kama muhogo, na mama yako hana macho mengine ya kukuazima.

Tena kile kilichofungwa kwenye mfuko, nyuma ya banda la mbuzi, nimekwisha kukiona. Usikiguse, usikihamishe, wala usikimwagie maji. Watoto wadogo nimewapeleka kwa shangazi yao. Mwenyekiti wa kijiji amekwenda kuita polisi waje wakichukue kwa utaratibu wao, nami sikumwambia ni cha nani.