Nani Aliyekivunja Kikombe?

Jirani yangu ana binti anayesoma kidato cha sita, naye hunijia baada ya alasiri akiwa na kitabu na kalamu ya risasi. Mimi sikukaa sana darasani. Lugha nimeiokota katika kamusi na vinywani mwa wazee. Lakini kwa kuwa natunga na kutafsiri, watu hudhani najua. Jioni moja alikuja na *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Alitakiwa aichambue lugha ya mwandishi, na alikwisha kujaza kurasa mbili: tashbihi ngapi, tashihisi ngapi, takriri ngapi. Nikamwambia, mwanangu, hii ni hesabu ya mwenye duka afungaye mwaka. Ziache kwanza tamathali, anza na jalada.

Akalitazama. Jina la kitabu ni neno sadiki, lililonyambuliwa likawa kusadikika. Nikamwuliza: anayesadiki ni nani? Akanyamaza, kisha akacheka. "Ami, hii si ndiyo ile ya kikombe kimevunjika?"

Kila aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili anaijua sentensi hiyo. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimekivunja". Wala hasemi "kimevunjwa", maana kauli ya kutendwa humwita mtendaji hata asipotajwa: kimevunjwa na nani? Husema kimevunjika, na kikombe kikabaki peke yake na kosa lake. Ni kauli yenye huruma, na watu wazima huitumia zaidi kuliko watoto. Fedha za chama zimetumika. Ahadi haikutimizika. Mambo yameharibika.

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Siku ya pili akarudi na pingamizi. Njia haipitiki, alisema, mwandiko hausomeki: hapa hakuna aliyejificha, linasemwa tu liwezekanalo na lisilowezekana. Basi huenda Kusadikika ni nchi inayoweza kusadikiwa, hapana zaidi. Kisha akauliza lile lililonikalisha kuandika makala haya: "Ami, Shaaban alikusudia haya, au tunamsingizia?"

Kumsingizia maiti ni kubaya kuliko kumsingizia aliye hai, maana hawezi kurudi kujitetea, na Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Ni kweli kwamba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kwamba aliandika habari za dola inayomshtaki mtu kwa kutaka kufundisha sheria. Mtu wa hali hiyo angeweza kuwa na sababu ya kuchagua jina lisilo na mtendaji. Angeweza. Kutoka hapo hadi kusema "alikusudia" kuna bahari, na wahakiki wengi huivuka kwa miguu mikavu.

Nilimjibu kwamba msomaji ni shahidi, si kadhi wa nia za watu. Shahidi husema alichokiona. Umbo la neno tumeliona. Moyo wa mtungaji hatukuuona. Lakini shahidi anayepunguza alichokiona kwa kuogopa kukosea, naye hakutoa ushahidi. Hivyo maana zake mbili azitaje zote, asichague ile itakayompa alama. Akainama tena kitabuni, na baada ya kitambo akaniambia jambo ambalo mimi, niliyekisoma mara nyingi, sikuwa nimeliwaza: jalada limemficha anayesadiki, lakini ndani, barazani, mshtaki ana jina. Anaitwa Majivuno. Mshtakiwa ni Karama. Wajumbe sita wanaosimuliwa, kila mmoja ana jina lake.

Nikamhadithia basi ushahidi nilioupunguza mwenyewe.

Nilipokuwa kijana, bibi mmoja mtaani alinitaka nimwandikie barua kwa Kiingereza. Wajukuu zake walizaliwa Uingereza, Kiswahili hawakijui, na walitaka kujua habari za babu yao. Bibi alikaa juu ya mkeka akisema polepole, nami naandika. Alisema: walikuja usiku, wakamchukua, akapotezwa. Alilitamka neno hilo kwa uzito, ile "-zwa" ikasikika. Nami nikaandika kwa Kiingereza kwamba usiku mmoja babu alipotea. Nilijiambia kwamba sentensi fupi ni nzuri zaidi, na kwamba barua hupita mikono mingi. Kipi kilitangulia, ufasaha au woga, mpaka leo sijui kukitenganisha.

Aliponiomba nimsomee kwa Kiswahili, nilimsomea: walikuja usiku, wakamchukua, akapotezwa. Akatikisa kichwa kuridhia, akanipa dua.

Binti aliuliza kama nilikwenda baadaye kumwambia. Sikwenda. Bibi amekwisha kufariki, na kama wajukuu wameitunza karatasi ile, wanayoisoma ni sentensi yangu.