Jirani wa Bwenini

Makerere ilipoanza mwaka 1922, wanafunzi 14 walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Leo udaktari, sheria, kilimo na lugha vina majengo mbalimbali, na mtu aweza kuhitimu asiingie hata mara moja katika jengo la mwenziwe. Je, huyo amesoma katika chuo kikuu, au katika chumba kimojawapo cha chuo kikuu?

Wako watakaojibu kwamba elimu ni bahari, na mwanafunzi wa udaktari hana wasaa wa kusikiliza habari za ngeli. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini mgonjwa hueleza maumivu yake kwa lugha ya kwao, na daktari asiyezoea kusikiliza humpima mwili akayaacha maneno.

Ndiyo sababu mimi huyathamini mabweni kuliko wingi wa masomo. Humo mwanasheria na bwana shamba hungojea zamu ya bafu pamoja, na usiku hubishana. Ubishi ambao, ashukuriwe Mungu, hautahiniwi. Siku hizi wengi hupanga vyumba Wandegeya na Kikoni, ambako kila mtu hujichagulia jirani amtakaye. Bwenini hakuna hiari hiyo.