Chumvi ya Mtaroni

Mwaka jana, masika yamepamba moto, nilinunua chumvi nusu kilo kwa ajili ya vyura. Mtaro ulio nyuma ya ukuta wetu hapa Buyenzi, Bujumbura, ulikuwa umeziba, maji yamesimama, na jua likishazama tu wanaanza, hawanyamazi mpaka adhana ya alfajiri. Siku ya tatu bila usingizi, mzee mmoja kibarazani akaniambia dawa yao ni chumvi. Nikaenda nikaimwaga, yote isipokuwa kiganja kimoja.

Asubuhi mjukuu wangu akamkuta mmoja ukingoni. Ngozi ilikuwa imenywea na kukunjamana, mguu mmoja bado unatikisika.

"Babu, huyu amekunywa nini?"

Nikamweleza kwamba chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita hapohapo; ndiyo maana chumvi ikimgusa humfyonza maji ya mwilini. Nilieleza vizuri kabisa, kama mwalimu, ila nani aliyeimwaga sikusema. Usiku ule mtaro ulikuwa kimya. Usingizi haukuja vilevile.

Aibu yangu ilizidi nilipokumbuka habari ya msitu wa Bururi, kusini huko milimani. Kuna chura mdogo wa msitu ule, mweusi mwenye rangi ya buluu ya kijivu, na dume wake ana kidole kimoja kirefu kupita kiasi. Baada ya mwaka 1949 hakuna mtaalamu aliyemwona tena. Nchi ikapata uhuru, ikapita katika vita, misitu ikamegwa, watu wakaanza kudhani ameshatoweka. Desemba 2011 wakaja Wamarekani wawili, David Blackburn na Eli Greenbaum. Sauti ya chura huyo hawakuijua. Walikisia tu kwa kufuata milio ya jamaa zake wa mbali, wa huko Kamerun. Usiku wa tano Blackburn akasikia kitu, akakifuata, akasubiri, akafunua majani: huyo hapo, amekaa juu ya gogo. Siku zilizofuata aliwasikia wengine, lakini aliyemshika ni huyo mmoja tu.

Sisi tuna methali kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe na anywe. Lakini kama si kelele hizo, yule wa Bururi angehesabiwa maiti mpaka leo.

Jirani zetu Watanzania, habari yao ya chura ni nzito zaidi. Chura wa Kihansi, mdogo sana, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu duniani. Bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kupelekwa Marekani. Huko korongoni wakaisha, ugonjwa wa ukungu wa ngozi nao ukiwa na mkono wake. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa kwao, kwenye manyunyu ya mabomba. Umeme nautaka, sikatai. Ila hebu fikiria gharama ya kumrudishia kiumbe umande wake.

Wa mtaroni kwangu hawahitaji ndege. Wanahitaji nisimwage chumvi wala mafuta machafu ya gari, na ile kona ya majani nisiifyeke yote. Sitakudanganya kwamba watatuondolea malaria; chandarua changu kipo palepale.

Mwezi uliopita mjukuu alirudi na kopo la viluwiluwi kutoka bondeni, anataka tuwatie mtaroni "waongezeke". Moyo wake mzuri kuliko wangu. Lakini ukungu ule wa ngozi husafiri ndani ya maji na kwenye ngozi za vyura wanaohamishwahamishwa, basi ikabidi tuwarudishe, saa kumi na moja jioni, yeye amenuna, kopo mikononi. Tulipofika akaliinamisha polepole, akahesabu wakitoka: kumi na saba. Mmoja alinasa chini ya kopo. Akachovya mkono majini kwanza, ndipo akamsukuma kwa kidole.

Kile kiganja cha chumvi kilichobaki, mke wangu alishakitia kwenye lengalenga. Hajaniuliza nusu kilo ilikwenda wapi.